Pole ya Simu na Kikombe cha Uji

Wapendwa Taifa la Mungu, wanaparokia na ninyi nyote mnaofuatilia tafakari hizi kila juma, leo naomba mnivumilie. Maneno yangu hayatakuwa laini. Niliyaandika mara ya kwanza nikiwa na hasira, nikayafuta. Nikayaandika tena nikiwa na haya. Haya ndiyo mnayoyasoma.

Nianze na hesabu. Katika kundi la WhatsApp la mojawapo ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, mwenyekiti aliandika Jumatatu asubuhi kwamba bibi mmoja, mjane, mwenzetu wa Jumuiya hiyo, ameshikwa na homa kali na hawezi kuamka. Kufikia Alhamisi mchana majibu yalikuwa 43. Niliyahesabu mwenyewe. Wengine waliandika "Pole sana bibi yetu." Wengine, "Mungu akuponye." Wengine hawakuandika neno, walituma picha ya viganja viwili vilivyounganishwa katika sala. Mmoja alituma ua jekundu linalometameta, na chini yake baraka ndefu ambayo kwa hakika hakuitunga yeye.

Alhamisi hiyo nilikwenda kumpelekea Komunyo ya wagonjwa. Nikakuta mlango uko wazi na mafiga yamepoa, yamejaa majivu ya siku nyingi. Mjukuu anayeishi naye, mtoto wa darasa la tatu, alikuwa hajakwenda shule tangu Jumatatu, maana ndiye aliyebaki kuchota maji na kumwinua bibi yake. Chakula cha nyumba ile kwa siku zile kilikuwa chai ya rangi na viporo vya ugali wa muhogo. Juu ya kigoda karibu na kitanda palikuwa na pakiti ya dawa ya mseto. Zahanati ilimpima, ikamkuta na malaria, ikampa vidonge, na mhudumu akamwagiza vizuri kabisa: meza baada ya kula. Bibi yetu ni mtu mtiifu. Kwa kuwa hakula, hakumeza. Pakiti nzima ilikuwa imepungua dozi mbili tu.

Mnaofahamu mambo ya afya mnajua uzito wa jambo hilo. Dawa ya mseto, ambayo Tanzania iliichagua mwaka 2006 kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali, humezwa mara sita kwa siku tatu, na mwili huipokea vizuri zaidi ikikuta chakula tumboni, hasa chakula chenye mafuta. Kwa lugha nyepesi, bibi yule alikuwa na dawa mkononi lakini hakuwa na uji. Siku ile tulimrudisha zahanati kwa bodaboda, kwa sababu dozi iliyokatizwa si jambo la kukadiria nyumbani.

Na simu yake je? Ilikuwa dirishani. Ni kitochi, kile kisimu kidogo chenye tochi kichwani, na betri yake ilikuwa imekwisha tangu Jumanne. Hata ingekuwa na chaji, kitochi hakina WhatsApp. Basi nawaulizeni, ndugu zangu: zile pole 43 zilimwendea nani?

Hazikumwendea yeye. Zilitwendea sisi wenyewe. Tulipongezana, kila mmoja akaonekana mbele ya wenzake kuwa ni mtu wa huruma, kisha kila mmoja akaendelea na shughuli zake. Nyumba ya mbali kabisa ya Jumuiya ile haizidi mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kwa bibi. Na kabla hamjaanza kutafutana kwa majina, niseme wazi: pole ya thelathini na moja ilikuwa yangu. Niliituma Jumatano usiku nikiwa mezani, mkono mmoja kwenye simu na mwingine kwenye sahani ya ndizi na maharage niliyopikiwa na mtu mwingine. Niliandika "Nawaombea." Sikumbuki kama niliomba.

Hiyo ndiyo dhambi ninayotaka tuizungumze leo. Zipo kero nyingi za simu, nazo nimeshazizoea na kuzisamehe. Naisamehe simu inayolia wakati wa mageuzo, tena kwa wimbo wa taarabu. Naisamehe bando inayokwisha katikati ya kikao cha Halmashauri ya Walei, na mtandao unaopotea kila mawingu yanapotanda juu ya vilima vyetu vya Buha, hata mtu akapanda kichuguu akiinua simu juu kama anayetaka kuangua embe. Nimewasamehe hata wale wanaoniandikia "Mambo vp Padre" saa saba usiku. Wezi wanaotuma ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" siwasamehi kirahisi hivyo, na nawakumbusha tena kwamba ujumbe wa namna hiyo hupelekwa namba 15040 ili laini hiyo ishughulikiwe. Lakini hata hao huchukua fedha tu. Kuna jambo ambalo simu inatuibia kwa ridhaa yetu wenyewe, nalo ni hatua za miguu yetu kwenda kwa jirani.

Tukumbuke kwa nini tuna Jumuiya. Maaskofu wa nchi za AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, waliona kwamba Kanisa katika Afrika ya Mashariki haliwezi kuishi Jumapili peke yake, kwenye jengo kubwa, mbele ya padre mmoja anayehudumia vigango kumi. Wakaamua kwamba msingi uwe familia chache zinazokaa karibu. Angalieni neno hilo: zinazokaa karibu. Hawakusema watu wanaofanana kazi, wala watu wanaopendana, wala watu wenye uwezo wa kununua simu ya namna moja. Walitaka majirani, kwa sababu jirani anaona.

Na jirani huona nini? Huona moshi. Ninyi mliokulia Kibondo na Kasulu mnanielewa. Mama zetu walipoamka walitazama upande wa nyumba ya jirani. Moshi ukipanda kwenye paa la jiko la mwenzake, anajua kumekucha salama. Jua likifika juu na hakuna moshi, hakuandika kitu kwa mtu yeyote. Alifuta mikono kwenye kitenge, akavuka uwanja, akabisha hodi: "Mwakeye! Mmeamkaje humu?" Na mara nyingi hakwenda mikono mitupu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nao hawakusema hivyo kwa tamaa. Walijua kwamba mgonjwa hashibi maneno.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwezi Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa, na watu wakaanza kuvuka mpaka kuja Kibondo, Kasulu na Ngara. Walikuja kwa miguu, na watoto migongoni, na wengine hawakuwa na kitu ila nguo walizovaa. Kijijini kwetu hakuna aliyekuwa na simu ya mkononi. Simu hizo zilianza kutumika nchini mwaka uliofuata, 1994, huko Dar es Salaam, na kwetu zilifika baada ya miaka mingi. Hakuna aliyetuma picha ya viganja. Ninachokumbuka ni mama yangu akiongeza maji katika chungu cha maharage, kisha akiongeza tena, mpaka mchuzi ukawa mwepesi kama chai, na sisi watoto tukinung'unika. Akatuambia tu, "Wameanza wageni, ninyi mtakula." Alikuwa na darasa la nne, na sidhani kama aliwahi kusikia neno AMECEA. Lakini miaka mitatu baadaye, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo, nilikuwa nimeshajifunza kwake jinsi mkristo anavyosema pole.

Sasa sisi tuna mawasiliano ambayo mama yule hakuyaota. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009. Mwaka 2014 ikatuletea zile alama mbili za bluu za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa, na tangu siku hiyo wapo wanandoa ambao nimewapatanisha kwa sababu ya alama hizo. Tumeanza kudhani kwamba kusoma ndiko kujali, na kujibu ndiko kusaidia. Mtu anakasirika kuwa ujumbe wake "umeonwa" bila kujibiwa, na mtu huyohuyo anapita mbele ya mlango wa mgonjwa akielekea sokoni.

Tena tumefika mahali ambapo hata pole yenyewe hatuiandiki. Tunaisukuma mbele kama tulivyoipokea. Waliotengeneza programu hiyo wenyewe waliona hatari. Mwaka 2019 waliweka mpaka duniani kote kwamba ujumbe usisukumwe kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja, na Aprili 2020, wakati wa uvumi wa korona, ule uliokwisha kusambazwa mno wakauzuia usipelekwe kwa zaidi ya mmoja kwa mara moja. Wafanyabiashara wametuwekea kiasi, na sisi wakristo bado tunatumiana sala za vitisho: "Peleka kwa watu kumi, utapata muujiza kabla ya usiku, ukipuuza, balaa litakupata." Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2111, inauita ushirikina mwenendo wa namna hiyo, yaani kudhani kwamba tendo la nje peke yake, hata likiwa sala, lina nguvu pasipo moyo unaotakiwa. Tunawakemea wanaofunga hirizi mikononi, na sisi tumefungwa hirizi za kidijitali mfukoni.

Ninazijua hoja zenu, maana mmeshaniletea.

Hoja ya kwanza ni kwamba Padre anapinga maendeleo. Sipingi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, ulivipokea kama zawadi. Mimi mwenyewe nimeona mama mjamzito akiokolewa usiku wa manane kwa sababu mumewe aliweza kumpigia dereva wa bodaboda. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mtoto aliye Dar es Salaam anaweza kumtumia mzazi wake aliye kijijini fedha ya dawa kabla chai haijapoa. Na tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu kijana Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, ambaye alizijua kompyuta kuliko wengi wetu. Vijana wetu wamebandika picha yake kwenye simu zao, na ni vyema. Ila wasisahau nusu ya pili ya habari zake: kijana yule alitoka nyumbani kwao na chakula, akawapelekea watu wasio na makao waliolala mitaani jijini Milano. Mtandao haukumzuia kubeba sufuria.

Hoja ya pili: "Padre, mimi niko mbali." Hii ni hoja ya kweli, na aliye mbali sina ugomvi naye. Binti yake bibi yule yumo katika kundi hilo naye anaishi Dar es Salaam. Aliposoma ujumbe alituma fedha usiku uleule kwenye namba ya mama yake. Fedha ikaingia kwenye kitochi kilichozimika. Alitimiza sehemu yake kwa kadiri alivyoweza kutoka huko, akatutegemea sisi tulio karibu, na akiona zile pole 43 akalala usingizi akijua mama yake amezungukwa na watu. Huo ndio ubaya unaoniuma zaidi. Pole zetu hazikuwa tupu tu. Zilidanganya. Zilimfanya mtoto aliye mbali aamini kwamba kuna mtu jikoni kwa mama yake.

Hoja ya tatu: "Hatuna muda." Ndugu zangu, kuhusu hoja hii nitawaomba mfanye jambo moja. Simu nyingi za kisasa zina mahali pa kuonyesha saa ulizozitumia kwa siku. Fungua, tazama, kisha unitazame usoni uniambie tena kwamba huna muda.

Hoja ya nne ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini kuliko zote: "Padre, hata kwangu hakitoshi. Nitampelekea nini?" Hapa naomba nizungumze kama mtoto wa jikoni, maana mama yangu hakuwa na binti mkubwa na mafiga nilikabidhiwa mimi.

Mgonjwa haombi pilau. Chukua vijiko vinne vya chakula vya unga wa mahindi au ulezi. Uvuruge kwanza katika kikombe cha maji baridi hadi usiwe na madonge. Chemsha vikombe viwili vya maji, umimine ule unga huku ukikoroga, na usiache kukoroga mpaka utokote. Punguza kuni, uache uchemke taratibu dakika kumi hadi kumi na tano, kwa maana uji usioiva humsumbua mgonjwa tumbo. Tia chumvi kidogo sana, na mwishoni kijiko kimoja au viwili vya karanga zilizosagwa. Karanga ndizo zinazoleta mafuta na nguvu ambayo unga peke yake hauna. Ukiwa na ndimu, kamua kidogo. Imekwisha. Kazi nzima haifiki nusu saa.

Kama mgonjwa anaanza kupata nafuu, mpelekee maharage. Yaloweke tangu usiku, mwaga maji yale, uyachemshe kwa maji mapya. Yataiva upesi na kuni zitapungua. Yakishalainika weka chumvi, kitunguu, nyanya moja na kijiko cha mawese yetu yanayopanda huku kutoka ukanda wa ziwa. Ugali wa muhogo tunaupenda sisi sote, nami nikiukosa siku mbili sina raha, lakini tukumbuke kwamba muhogo hujaza tumbo tu, haujengi mwili uliodhoofika. Usiende kwa mgonjwa bila maharage, isombe yenye karanga, au dagaa wachache. Haya yote yamo majumbani mwetu, na gharama ya kikombe kile cha uji haizidi ile ya bando uliyotumia kumwandikia pole.

Sasa nasema na viongozi wa Jumuiya, na kwa namna ya pekee na akina mama wa WAWATA, ambao kwa kweli ndio waliookoa jina letu juma lile. Kuanzia Jumapili hii naomba tushike utaratibu ufuatao katika parokia. Taarifa ya mgonjwa ikiwekwa kwenye kundi, iishie na swali: nani anakwenda leo? Jibu liwe jina na siku. "Mimi Jumanne asubuhi." "Mimi Jumanne jioni." "Mimi nitamchukua mtoto aende shule." Asiye na jina na siku, na yuko karibu, asiandike pole, akae kimya aombe, na Mungu atamsikia bila mtandao. Aliye mbali atume salamu na msaada, naye aliye karibu amjibu baada ya kufika kwa mgonjwa, si kabla. Na mwenyekiti asihesabu kuwa habari imefika mpaka awe amewapelekea kwa mguu wale wote wa Jumuiya wasio na simu hizo. Hao si wanajumuiya wa daraja la pili. Katika Jumuiya nyingi za huku kwetu, hao ndio wengi.

Waume wasinijibu kwamba uji ni kazi ya wanawake. Kikombe hakina jinsia. Nami paroko wenu nimejiandikia zamu yangu ya Jumatano, siku ileile niliyotuma pole ya thelathini na moja.

Na tuanzie mezani kwetu wenyewe, kwa sababu asiyemwona aliyekaa naye mkekani hawezi kumwona aliye nyumba ya tatu. Papa Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 11 Novemba 2015, alisema kwamba familia isiyokula pamoja, au inayokula kila mtu akitazama televisheni au simu yake, inakaribia kuwa nyumba ya wapangaji kuliko kuwa familia. Na tarehe 29 Desemba 2019, Sikukuu ya Familia Takatifu, aliwatania wale wanaokaa mezani kimya kama vile wako Misani, kumbe kila mmoja anaongea na simu. Wengine mtasema hayo ni ya Roma. Nimekula majumbani mwenu, wapendwa. Ni ya hapa. Nimeona baba akinawa mikono, akashika tonge, kisha akaliacha ugalini kwa sababu simu imeita. Nimeona mtoto akimweleza mama yake habari za shule mara tatu, na mama akaitikia "ehee" mara tatu bila kuinua macho. Wekeni ungo pembeni ya mlango. Simu zote zikae humo mpaka vyombo vioshwe. Bwana wetu, usiku wa mwisho kabla ya mateso, alichagua kukaa na marafiki zake chakulani.

Mtakatifu Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anamweleza mtu anayemwona ndugu yake hana nguo wala chakula, akamwaga kwa maneno mazuri ya heri bila kumpa kitu. Yakobo anauliza swali moja tu: yafaa nini? Na siku ya hukumu, kama anavyoieleza Mathayo katika sura ya 25, sioni mahali ambapo Mfalme anauliza tuliandika nini. Anauliza habari za chakula, maji, nguo, na kwenda kumwona mgonjwa.

Nimalizie kwa jambo ambalo sikutaka kuliandika. Jumamosi nilirudi kwa bibi. Alikuwa amekaa nje juani, dozi inaendelea vizuri, na mjukuu alikuwa ameshapelekwa shule siku iliyotangulia. Nilidhani nitamfurahisha, nikatoa simu yangu nikamsomea zile pole, moja baada ya nyingine, pamoja na majina. Alisikiliza kwa makini sana. Kwenye jina la kumi hivi akanisimamisha.

"Padre, huyu si ndiye wa nyumba ile yenye mwembe?"

"Ndiye, bibi."

Tukaendelea. Akanisimamisha tena. "Na huyu ni wa hapa nyuma?"

"Ndiyo, bibi."

Akanyamaza kidogo, akatazama upande wa mwembe. Kisha akaniuliza, na usoni mwake hapakuwa na lawama hata chembe, palikuwa na wasiwasi tu: "Mbona hawakufika? Nao wameugua?"

Sikuwa na jibu, ndugu zangu. Nilirudisha simu mfukoni. Yeye akamwita mjirani mdogo aliyekuwa akicheza uwanjani, akamtuma akaangalie kama kwa mwenye mwembe kuna moshi.

Nawatakia Dominika njema na juma lenye baraka. Zamu za wagonjwa zinaandikwa kwa wenyeviti wa Jumuiya mara baada ya Misa ya kwanza.

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko wenu